Sauti ya Cairo kwenye makaratasi ya Waingereza

Karatasi iliyonifanya niweke penseli chini ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilikuwa imepigwa taipu kwa Kiingereza, na juu yake palikuwa na tarehe, saa na jina la lugha: Kiswahili. Ilikuwa tafsiri ya matangazo ya redio ya katikati ya miaka ya 1950. Nilikuwa Kew, magharibi mwa London, katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa za Uingereza, nikisoma kwa lugha ya watu maneno yaliyosemwa kwa lugha yangu, yakielekezwa kwa watu wa kwetu, kutoka Cairo. Aliyeyatamka hakuyaacha popote nilipoweza kuyafikia. Aliyeyaogopa ndiye aliyeyatunza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifuata historia ya redio ya Kiswahili kutoka nyaraka hadi nyaraka: Kew, Caversham, Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, na mara moja Ujerumani. Watu huniuliza kwa nini historia ya jambo letu wenyewe inanilazimu kuomba viza. Jibu fupi ni kwamba redio haikai. Gazeti, hata likiwa baya, hubaki kufungia maandazi, na huenda nakala moja ikaangukia mikononi mwa mkutubi. Matangazo ya redio ya zama zile yalikwenda hewani moja kwa moja kutoka mdomoni mwa mtangazaji, na kanda za sumaku zilikuwa ghali kiasi kwamba kanda iliyokwisha kutumika ilifutwa ikarekodiwa kitu kingine.

Linganisha na santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, nyimbo zile zilichapwa kwenye sahani nyingi ili ziuzwe, na kitu kilichouzwa kwa wengi hakipotei chote. Kwa hiyo leo tunaweza kumsikia Siti akiimba karibu miaka mia moja iliyopita, pumzi zake na mikwaruzo ya sindano pamoja, lakini taarifa ya habari iliyosikika pwani nzima mwaka 1956, yaani karibu miaka thelathini baadaye, tunaisoma tu, tena kwa tafsiri. Biashara ilitunza kilichouzwa, na serikali ilitunza kile ilichokishuku.

Yenyewe hadithi, kwa asiyeijua, inakwenda hivi. Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, miaka miwili baada ya maofisa wa jeshi kumwondoa Mfalme Farouk, na wakati huo Kenya ikiwa bado chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Miongoni mwa waliosikika baadaye kutoka huko ni Mzanzibari Ahmed Rashad Ali, ambaye wapenda kandanda wa Unguja walikuwa wakimjua tangu zamani kwa sababu nyingine kabisa. Matangazo yale yaliwashambulia wakoloni bila kupaka mafuta, na kwa Kiswahili ambacho watu wa pwani walikitambua kuwa ni chao. Vituo vilivyokuwapo huku vilikuwa vya serikali: Dar es Salaam na Unguja vilianza kutangaza mwaka 1951, na Mombasa kulikuwa na Sauti ya Mvita. Waingereza walivitegemea hivyo kuijibu Cairo, kisha tarehe 27 Juni 1957 idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza London. Mwezi Novemba 1956, katika vita vya Suez, ndege za Uingereza zilikuwa zimeilipua mitambo ya redio ya Misri huko Abu Zaabal. Serikali inayotuma ndege kupiga mlingoti wa redio imekwisha kukiri kwamba redio ile inasikilizwa.

Hayo ni ya vitabuni. Nilichotaka mimi ni kujua kilichosemwa, nani alikisikia, na nani aliamua kukijibu, na haukupita muda nikagundua kwamba maswali hayo matatu hayakai chini ya paa moja.

Kew inajibu vizuri swali la nani aliogopa. Ukisha kupata kitambulisho cha msomaji, unaagiza jalada kwa namba yake, na likifika huwekwa kwenye kabati dogo lenye mlango wa kioo na namba ya kiti chako. Kalamu ya wino ni marufuku, ni penseli tu. Majalada ya Afrika Mashariki ya Wizara ya Makoloni yamo zaidi katika mfululizo uitwao CO 822, na aliyezoea masjala za serikali zetu hatapotea humo, kwa sababu masjala zetu ni watoto wa masjala ile: barua upande mmoja zikiwa na namba za folio, yaani za karatasi moja moja, na madokezo upande mwingine. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuanza na madokezo. Barua ilitungwa ikijua itasomwa na gavana au waziri, basi imevaa suti. Dokezo liliandikwa kwa mkono, ofisa akimwandikia ofisa wa chumba cha pili, na humo ndimo utakapokuta mtu anakiri kwamba hajui la kufanya. Wapo waliotaka mawimbi ya Cairo yazibwe, kama Waingereza walivyoiziba Redio Athens kule Cyprus mwaka 1956. Wapo walioona kuziba ni kuitangaza zaidi, na kwamba dawa ni kuwa na redio ya kwao inayosikika vizuri. Katika hoja ya aina hii, anayeshinda si lazima awe mwenye akili kuliko wenzake. Mara nyingi ni yule mwenye jibu rahisi kwa bajeti.

Mwanzoni nilidhani nikimaliza Kew nitakuwa nimemaliza na BBC pia. Nilikosea, na kosa lenyewe lilinifundisha namna chombo kile kilivyoendeshwa. Idhaa za nje za BBC zililipiwa na serikali, na serikali ndiyo iliyoamua zitangazwe lugha gani na kwa saa ngapi, ilhali kinachosemwa ndani ya saa hizo kilikuwa mikononi mwa BBC yenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa kuanzisha Kiswahili umelala Kew, na mashauri ya nani aajiriwe, nani asome habari, na Kiswahili gani kitumike, yamelala kwenye nyaraka za maandishi za BBC huko Caversham, karibu na mji wa Reading. Jumba kubwa lililokuwa na kazi ya kusikiliza redio za dunia nzima na kuzitafsiri lilikuwa huko huko Caversham, tangu mwaka 1943. Nilipokwenda, ilibidi kuweka miadi mapema na kueleza ninachotafuta, kisha mtunza kumbukumbu ndiye aliyenichagulia majalada. Jambo hilo lina raha yake na hatari yake: unaletewa ulichokiomba, na unakosa kile ambacho hukujua jina lake.

Sasa nirudi kwenye ile karatasi ya ganda la kitunguu, maana ndiyo iliyonisumbua zaidi. Aliyesikiliza alikuwa na kazi ya kuwasaidia maofisa waelewe haraka. Hakuwa na haja ya mizaha, methali, wala ule mtindo wa kuvuta neno ambao kila Mswahili anajua unaweza kugeuza sifa kuwa tusi. Methali ikitafsiriwa kwa maana yake tu huwa sentensi ya kawaida, na msomaji wa London hakujua kwamba hapo palikuwa na methali. Kadhalika, aya ndefu huenda zimefupishwa kuwa mstari mmoja unaosema kwamba mtangazaji aliendelea kuushutumu ubeberu. Mstari huo mmoja unaweza kuwa ndio uliowachekesha watu kibarazani usiku ule. Mara moja moja mtafsiri ameliacha neno kama lilivyo, hasa uhuru, na ukilikuta katikati ya Kiingereza kikavu unashtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake ugenini.

Kishawishi kikubwa ni kuyarudisha maneno yale kwenye Kiswahili na kuyaweka kwenye alama za kunukuu. Nilifanya hivyo katika rasimu yangu ya kwanza, na nilijiona hodari. Aya ilisomeka vizuri mno. Ilisomeka hivyo kwa sababu ilikuwa Kiswahili changu cha leo, cha mtu aliyesoma shule za baada ya Uhuru, nilichokitia mdomoni mwa mtu wa mwaka 1955. Niliifuta, na tangu hapo ninaeleza maudhui tu kwa maneno yangu na kumwambia msomaji kwamba nimeyapata kwa Kiingereza.

Kosa lingine halikuwa la fikra bali la uzembe. Safari yangu ya kwanza Kew nilipiga picha zaidi ya mia sita kwa simu katika siku nne, kwa pupa ya mtu anayejua tiketi ya kurudi ina tarehe. Nilipiga kurasa, nikasahau kupiga jalada lenyewe lenye namba. Nilipofika nyumbani na kuzifungua, nilikuwa na picha karibu mia mbili yatima: folio ya 14, folio ya 15, folio ya 16, za jalada gani, Mungu ndiye ajuaye. Ushahidi usio na namba ya jalada ni uvumi ulioandikwa kwa taipu. Nilirudi mwaka uliofuata, baada ya ubalozi mmoja kunikatalia viza mara ya kwanza kwa maelezo kwamba haikuthibitika kuwa nitarejea nyumbani, na nikatumia siku mbili nzima kuwatafutia wale yatima wazazi wao. Siku hizi picha ya kwanza ni jalada la nje, ya pili ni jalada la ndani, na kila baada ya kurasa ishirini ninaweka kikaratasi chenye namba pembeni mwa ukurasa.

Nairobi ilinionyesha upande wa pili wa Kew, yaani pengo. Nyaraka za Taifa za Kenya zipo Moi Avenue, katika jengo la mwaka 1906 lililokuwa Bank of India, na mgeni akiingia hukutana kwanza na sanaa na vinyago vya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, kabla hajafika kwenye makaratasi. Humo nilisoma mengi kuhusu uendeshaji wa matangazo, vipaza sauti na magari ya habari. Lakini kila mambo yalipokaribia usalama, mfuatano wa namba uliruka. Kuruka kwenyewe kuna historia. Katika mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza au kuwafichua waliokuwa wakiipa habari. Nyingine zilichomwa, nyingine zilisafirishwa kimya kimya. Zilizosafirishwa zilikuja kujulikana hadharani mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali hiyo mjini London, na ikabainika kwamba maelfu ya majalada ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Mwaka 2012 na 2013 yakahamishiwa Kew na kupewa namba FCO 141.

Kwa hiyo kuna siku nilikaa na daftari mbili mezani, moja ya orodha ya Nairobi na moja ya orodha ya Kew, nikizisoma sambamba kama mtu anayeunganisha vipande viwili vya kigae kilichovunjika. Si kila pengo lilipata kipande chake. Pale palipokosekana kote kuwili, niliandika hivyo hivyo kwenye maelezo yangu, maana kuchoma jalada nako ni kitendo cha mtu, na chafaa kuwekwa kwenye historia pamoja na vitendo vingine.

Kuna kichekesho kimoja hapa ambacho siwezi kukiacha. Sehemu kubwa ya nyaraka za Nairobi ilipigwa mikrofilamu zamani na nakala zake zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mwanafunzi wa huko anaweza kusoma taarifa za mwaka za wilaya ya Lamu bila kuvuka mto, ilhali wa Lamu mwenyewe lazima apande basi mpaka Nairobi. Simlaumu mwanafunzi wa Syracuse.

Zanzibar na Dar es Salaam ndiko nilikojifunza jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: kwamba gazeti au tangazo lililoleta kesi ndilo lenye nafasi nzuri ya kubaki. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu ya Zanzibar walishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala za gazeti lao, Al-Falaq. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU, karatasi iliyorudufiwa kwa mashine ya mkono, na akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mahakama haihukumu maneno isiyokuwa nayo. Lazima nakala iletwe, iwekewe alama, itafsiriwe kama haiko kwa Kiingereza, ibishaniwe neno kwa neno, kisha ifungiwe kwenye jalada. Mwendesha mashtaka, bila kukusudia, akawa mtunza maktaba mwema. Ndiyo maana mtafiti wa magazeti yetu akiishia kwenye rafu za magazeti peke yake amefanya nusu ya kazi; nusu nyingine iko kwenye makaratasi ya polisi, ya mwanasheria mkuu na ya mahakama.

Kule Kilimani, katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, madirisha huacha hewa ya bahari ipite, nayo hewa hiyo inapendeza kwa msomaji kuliko kwa karatasi. Majalada mengine yameliwa na wadudu kwa ustadi wa fundi nakshi, tobo likipita folio kumi kwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo nilipoziona hesabu za leseni za redio. Kila mwenye redio alitakiwa alipie leseni, na maofisa walizipenda hesabu hizo kwa sababu zilikuwa namba kamili, nao wakazitumia kukadiria ni wangapi wanaosikiliza. Nikazichukua nami, nikachora jedwali.

Jedwali hilo liliuawa na mzee mmoja wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, jirani wa shangazi yangu, niliyepelekwa kwake kwa sababu alikuwa kijana wa makamo ya kujua mambo wakati ule. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu kitako." Nikamweleza habari ya leseni. Akacheka hata akaweka kikombe cha kahawa chini. Mtaani kwao redio ilikuwa moja, ya mwenye mkahawa, na saa ya Cairo ikifika iliwekwa dirishani ikatazama njiani. Waliokaa kwenye baraza walisikia, waliosimama walisikia, na mwanamke aliyekuwa anapika nyumba ya pili alisikia kisha akampelekea jirani habari ikiwa bado moto. Leseni moja. Nilimuuliza kama hawakuogopa. Akasema waliogopa mvua, maana mwenye mkahawa alikuwa akiingiza redio ndani.

Ujerumani nilikaa siku nne tu, na niseme wazi kwamba nilikwenda kabla ya wakati wangu. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza Cologne mwaka 1963, na baada ya Zanzibar kufungua uhusiano wa kibalozi na Ujerumani Mashariki mwaka 1964, Berlin nayo ikawa na lake la kusema kwa Kiswahili. Nyaraka za redio ya Ujerumani Mashariki zipo Babelsberg, mjini Potsdam. Ni shamba zuri, lakini linahitaji mtu mwenye Kijerumani kizuri kuliko changu na swali la miaka ya 1960, wakati swali langu linaishia kabla ya hapo. Nilijifunza kwa gharama ya nauli kwamba kuongeza nchi si lazima kuongeze ushahidi.

Kilichobaki kilikuwa kumrudia mzee. Nilikwenda na nakala ya ile karatasi, nikamsomea polepole, nikiifasiri kadiri nilivyosoma, na nikamwomba anikatishe popote pasipoingia akilini mwake. Alinyamaza kwa muda mrefu, akinikubalia kwa kichwa tu. Tulipofika mahali ambapo Kiingereza kinatumia neno la kumdharau mtu anayetumiwa na wakubwa, mimi nikasema "vibaraka". Akainua mkono.

"Hapo rudia, mwanangu."

Nikarudia. Akafikiri. Akasema huenda lilikuwa "vijibwa", kwa sababu anakumbuka watu walicheka, na kibaraka hachekeshi. Kisha akajikanusha, akasema pengine "vijibwa" ni la mkutano wa hadhara wa baadaye, na siku zile lilikuwa jingine alilo nalo mdomoni ila halitoki. Kutoka ndani mke wake, ambaye nilidhani hatusikilizi, alisema yeye anakumbuka "makuwadi", na kwamba mama yake aliwafukuza watoto wasiendelee kusikiliza.

Wakaanza kubishana wao kwa wao. Nikatoa penseli, nikayaandika yote matatu pembezoni mwa nakala, nani kasema lipi, na tarehe, na chini yake namba ya jalada.